Upande wa Mikorosho

Jumatatu, 30 Septemba

Leo nimeona saini yangu mahali ambapo nisingependa kuiona.

Injinia Modest, mkuu wangu wa kazi, alitandaza mezani michoro ya barabara ya kutoka Nkowe kuingia mjini Ruangwa. Itapanuliwa. Malori yamepata nafasi yao, mitaro imepata yake, hata nguzo za taa zimechorwa moja moja. Nikatafuta njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Nikageuza karatasi, nikageuza tena. Haipo.

"Baiskeli thelathini na nane kwa siku," akasema Modest. "Nani atakuwekea lami kwa baiskeli thelathini na nane?"

Akanisogezea fomu ya hesabu. Februari, siku tatu, kituo cha darajani. Mhesabuji: Raudha Shaibu. Mwandiko ni wangu, vijiti vimepangwa vitano vitano kama tulivyofundishwa chuoni.

Februari! Mimi niliyezaliwa Nkowe, ninayejua kabisa kwamba mvua zikikolea nusu ya kijiji inahamia mashambani, watu wanalala madunguni wakilinda mahindi yasimalizwe na nguruwe pori. Barabarani wanabaki kuku. Nilijua. Lakini ofisi ilitaka namba kabla ya mwezi kwisha, nikakaa chini ya mwavuli nikaihesabu barabara tupu, nikasaini.

Michoro inafungwa Ijumaa, tarehe 13 Desemba. Baada ya hapo hakuna kuongeza hata kigingi.

Jumanne, 1 Oktoba

Sijamwambia mtu. 

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimempigia Saada, mwenzangu wa chuo, aliyefanya hesabu kama yangu upande wa Nachingwea, kule Chiola na Kiegei. Alicheka mpaka nikakasirika.

"Na mimi nilihesabu Februari hiyohiyo, shoga. Kumbe wote tulihesabu mvua!"

"Wewe kwako hawajaanza kuchora. Kwangu wanafunga."

"Basi kamwambie Modest ulikosea."

"Atanionaje?"

"Atakuona umekosea. Kwani hukukosea?"

Saada hana adabu hata kidogo, ndiyo maana nampigia yeye.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimekwenda nyumbani Nkowe. Korosho zimeanza kuanguka kwa wingi, uwanja mzima unanuka mabibo. Baba alikuwa anapakia baiskeli apeleke korosho kwa karani wa chama cha ushirika ghalani, kilomita tisa. Gunia moja nyuma kwa kulilaza, jingine juu yake, kamba ya mpira mara sita. Ana miaka sitini na minane na hataki bodaboda. Anasema bodaboda inamwaga.

Nikatoa tepu nikampima, yeye na baiskeli na magunia, kutoka ncha ya gunia mpaka kiwiko chake.

"Unanipimia jeneza?" akauliza.

"Njia, baba."

"Njia ina upana wangu?"

"Ndiyo kwanza naiulizia."

Mita moja na sentimita arobaini. Akija mwenzake kutoka mbele, ni lazima mmoja ashuke mtaroni. Ndipo nikakumbuka kosa la pili, na nikakaa chini kwenye mzizi. Fomu yetu ina safu mbili: mwendesha baiskeli, mtembea kwa miguu. Lakini baiskeli yenye magunia mawili haiendeshwi, inasukumwa. Wachache niliowaona Februari wakisukuma niliwaandika watembea kwa miguu, kana kwamba mtu na baiskeli na magunia mawili ya mahindi anahitaji nafasi ya mtu aliyeshika mwavuli.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na vumbi la ng'ombe. Ni Shilinde, mfugaji aliyehamia hapa miaka mitatu iliyopita kutoka kule Kanda ya Ziwa. Baba akatema mate. "Mihogo yangu yote mwaka jana, tumboni mwa ng'ombe wa yule." Shilinde akapunga mkono. Baba hakupunga. Na mimi sikupunga.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemwambia. Modest hakufoka, na hilo liliniumiza zaidi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Raudha, mimi sijengi barabara kwa huruma. Najenga kwa namba. Kaniletee namba nyingine, siku tatu, na barua inayosema ya kwanza ilikuwa na kasoro gani. Isaini wewe."

Nimeiandika barua mara nne. Ya nne ndiyo fupi kuliko zote.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimechora safu ya tatu kwa rula: baiskeli inayosukumwa. Mpaka jioni, baiskeli mia nne na kumi na mbili. Kati ya hizo, mia mbili sitini na tatu zinasukumwa. Vidole vimekufa ganzi.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku ya tatu imekwisha. Hakuna siku iliyoshuka chini ya mia tatu na tisini. Nimefurahi kwa dakika kumi, kisha nikaanza kuwaza kwamba hawataniamini kwa kuwa nimekosea mara moja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Joto. Mawingu upande wa mashariki. Mvua bado.

Jumanne, 22 Oktoba

Baba yuko hai. Niandike hilo kwanza.

Saa tatu asubuhi nilikuwa darajani nahakiki vipimo. Daraja lile ni jembamba, malori mawili hayapishani. Nikamwona baba kwa mbali, nikamtambua kwa kofia yake na kwa namna anavyoiinamia baiskeli, bega likisukuma gunia. Nyuma yake linakuja lori limesheheni. Dereva akapiga honi. Baba sikio la kulia halisikii vizuri. Nikapiga kelele, "Baba, pembeni! Pembeni!"

Pembeni wapi? Hakuna pembeni. Hiyo pembeni ndiyo kazi ninayolipwa kuichora, na haipo.

Lori halikumgonga yeye, lilikwangua gunia. Gunia likapasuka, baiskeli ikajizungusha, baba akaenda nayo mtaroni. Lori halikusimama.

Nilipomfikia alikuwa amekaa, ameushika mkono wa kushoto, lakini macho yako barabarani. Korosho zimetapakaa upana wote wa njia. Nikamwambia asiinuke. Akainuka. "Zitasagwa," akasema, akaingia katikati ya barabara, akapiga magoti, akaanza kuokota kwa mkono mmoja na kutia kwenye kofia. Nikatazama juu ya kilima: Fuso inashuka. Namvuta, ananisukuma. Namwita, hasikii. Nilidhani ndiyo basi, tutakufa wote wawili kwa ajili ya nusu gunia, na mimi nitakuwa nimevaa kizibao cha ofisi chenye maandishi ya usalama mgongoni.

Ndipo nikasikia mluzi. Shilinde alikuwa anawashusha ng'ombe kunywa maji bondeni. Akawageuza. Sijui aliwaambia nini kwa Kisukuma, lakini walipanda barabarani wote, thelathini na ushei, wakasimama wametuzunguka pande zote mbili. Fuso ikafunga breki mpaka tairi zikalia. Honi, matusi. Shilinde akaegemea fimbo yake kama mtu anayesubiri chai.

"Niwie radhi, ndugu dereva," akasema. "Ng'ombe wa leo wakaidi, hawanisikii kabisa."

Tuliokota nusu saa nzima. Foleni ikafika mpaka juu ya kilima. Ng'ombe hawakusogea hata mguu mpaka korosho ya mwisho iliyookoteka ilipookotwa, kisha akapiga mluzi mwingine mdogo, wakashuka wote kwa adabu.

Hospitali wanasema mfupa wa mkono umepata ufa, plasta wiki sita. Tulipofika mlangoni baba akanigeukia. "Ng'ombe wale," akasema, "wamezikanyaga kadhaa."

Nikacheka, na kucheka kukageuka kilio, na baba akabaki ananitazama bila kujua ashike lipi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimekwenda kumshukuru Shilinde. Mkewe, Leah, alinipa maziwa. Yeye akasema tu, "Hata sisi tunapita hapo, dada injinia." Miaka mitatu, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka barabara ile kuingia kwake.

Jumanne, 29 Oktoba

Wamekubali! Modest amerudi kutoka kikao cha Nachingwea na karatasi. Hesabu mpya imepokelewa, njia itajengwa, mita tatu kamili, imeinuliwa kwa ukingo wa zege ili malori yasipande. Sharti ni moja. Nafasi inatosha upande mmoja tu, na upande huo tuuchague sisi.

"Kulia," akasema Modest, kidole kwenye ramani. "Kushoto kuna mikorosho, mpaka uikate. Kulia ni nyasi na boma la mfugaji. Hakuna atakayelalamika."

Nilihisi nimetuliwa mzigo kichwani. Kushoto ni mikorosho ya baba. Sita imesimama ndani ya hifadhi ya barabara. Nikasema, "Kulia, mkuu," haraka kuliko ninavyosema kitu chochote ofisini.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimelala vizuri.

Jumamosi, 2 Novemba

Korosho za baba zimekwenda ghalani kwa mkokoteni wa ng'ombe wa Shilinde. Shilinde alikuja mwenyewe kuuliza kama kuna mzigo. Baba alikaa juu ya magunia na plasta yake, akitazama upande mwingine njia nzima. Lakini alikaa.

Jumanne, 5 Novemba

Nilikuwa napigilia vigingi upande wa kulia. Shilinde akaja akasimama, akakiangalia kigingi kama anavyoangaliwa mgonjwa.

"Dada injinia, hapa watapita watu?"

"Watu na baiskeli."

"Mwezi wa pili watapita kambare."

Akanipeleka kwenye uzio wa boma lake. Kwenye kila mti wa uzio kuna mstari wa tope lililokauka. Alisimama kando yake: unamfika gotini, na Shilinde ni mrefu. "Kuanzia Januari mpaka Machi. Ndama nawahamishia juu kila mwaka."

Nilijua cha kufikiri. Kila mtu hutetea kiwanja chake, na tope mtu anaweza kulipaka. Nadhani alikiona usoni mwangu.

"Sisemi kwa ajili ya boma," akasema. "Boma nitahamisha. Mimi kuhama nimezoea."

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Lakini vigingi sikuving'oa.

Jumamosi, 9 Novemba

"Baba, kule bondeni, upande wa Shilinde, mvua zikiwa nyingi maji hufika wapi?"

Alikuwa anachambua korosho kwa mkono mmoja. Akachambua tatu, nne.

"Maji yanakwenda zake."

"Yanafika barabarani?"

"Februari mimi nipo dunguni, Raudha. Nitajuaje ya barabarani?"

Baba yangu amepita njia ile miaka hamsini. Amenifundisha mimi kuogelea bondeni mle mle. Sijawahi kumsikia akisema uongo, ndiyo maana sikujua niweke wapi uso wangu. Aliniangalia, akaiangalia mikorosho, akarudi kwenye korosho zake.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua bado.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua bado. Kila asubuhi natoka na mswaki mdomoni naangalia mashariki. Ikinyesha kubwa kabla ya tarehe 13, bonde litajisemea lenyewe, na mimi sitalazimika kusema chochote. Modest ameuliza kama mchoro wa kulia uko tayari. Nimesema bado kidogo.

Ijumaa, 22 Novemba

Manyunyu ya dakika tano. Hata vumbi halikulala.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua bado.

Jumanne, 3 Desemba

Saada amenipigia. Nimemweleza yote. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Ile fomu yako ya Februari," akasema, "si ina sehemu ya maoni chini? Mimi yangu niliandika kwamba nililoa viatu."

"Sikumbuki niliandika nini."

"Hukumbuki, au hutaki kukumbuka?"

Jumatano, 4 Desemba

Faili iko kwenye kabati la tatu. Nimepita mbele ya kabati hilo labda mara ishirini leo.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeitoa. Maoni, mstari wa mwisho, mwandiko wangu mwenyewe, wino umechujuka kidogo kwa unyevu wa siku ile: *Wapitao wote wanatumia upande wa kushoto. Kulia hapapitiki, maji.*

Fomu ile nimeiona aibu miezi miwili, nimeiandikia barua ya kuikana, na kumbe kitu kimoja cha kweli kilichokuwemo ndicho nilichokisahau. Au Saada amesema kweli, sikukisahau.

Ningeweza kuirudisha kabatini. Hakuna anayesoma maoni. Modest angesaini kulia, njia ingejengwa, ingependeza, tungepiga picha. Kisha maji yakijaa magunia yangerudi katikati ya barabara, kwenye malori, na mvua ikimnyeshea mtu asiyesikia vizuri sikio moja.

Nimekaa nayo mapajani mpaka mhudumu akaja kufunga ofisi.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimemwambia baba. Plasta imeshatolewa, mkono umekonda. Nilipanga maneno njia nzima, na yote yakanipotea. Nikasema tu: njia inapita kushoto, mikorosho sita.

 Nikajaribu kueleza habari ya fidia. Fidia ina ofisi yake na fomu zake na mwaka wake, na sisi wote wawili tunajua mkorosho unachukua muda gani mpaka ukulishe.

"Siku ile uliponipima," akasema mwishowe, "nilidhani unanipima mimi. Kumbe ulikuwa unaipima mikorosho."

Akaingia ndani.

Jumapili, 8 Desemba

Ameitikia salamu yangu. Zaidi ya hapo, hakuna.

Jumanne, 10 Desemba

Modest ameisoma fomu ya Februari, kisha akaisoma tena, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Mikorosho hiyo ya kushoto ni ya nani?"

"Ya baba, mkuu."

Nimefanya kazi naye miaka miwili nikimwona kama rula iliyovaa shati. Leo alisimama, akafunga mlango, akakaa kiti cha upande wangu.

"Naweza kumtuma mwingine akaweke alama."

"Nitaweka mwenyewe. Akienda mwingine, baba atadhani nimejificha."

"Na kweli utakuwa hujajificha?"

"Nimejificha tangu Oktoba, mkuu."

Ijumaa, 13 Desemba

Imefungwa. Kushoto. Kigingi kwa kigingi, mita tatu. Sikusikia furaha niliyoitarajia. Nilienda stendi nikanunua chungwa, nikalila lote nimesimama.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua! Kubwa, kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri. Siku moja tu baadaye, kama mtu aliyekuwa anasubiri nyuma ya mlango.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimefika Nkowe saa moja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Ardhi imelowa, mitaro inatiririka. Ng'ambo, vigingi vyangu vya kulia vinne tayari vimesimama majini, na hii ni mvua ya kwanza tu.

Nilisimama mbele ya mkorosho wa kwanza nisijue pa kuanzia. Alama ya X ni mistari miwili. Nimeichora kwenye kuta za watu mjini bila hata kukata mazungumzo.

Nikasikia mnyororo wa baiskeli. Baba, na magunia mawili ya mwisho ya msimu, anasukuma. Akaiegemeza kwenye mti. Hatukuwa tumezungumza siku tisa.

"Siyo huo," akasema. "Anza na ule pale. Ule hauzai, unajaza majani tu."

Nikaanza na ule. Alinifuata mti kwa mti akiwa ameshika kopo kwa mkono ule uliopona, akiniambia habari za kila mmoja kana kwamba naandikisha watoto shule: huu uliwahi kuungua, huu korosho zake ndogo lakini nzito, huu wezi wanaupenda. Nilipokuwa kwenye wa tano akatazama ng'ambo, kwenye maji.

"Hufika gotini kwa Shilinde," akasema. "Miaka yote. Nilijua."

Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akimwita kwa jina. Nikaendelea kupaka rangi. Niliogopa nikijibu angeacha.

Wa sita ulipandwa na mama yangu, Ashura, mwaka walipooana. Tunauita hivyohivyo, wa Ashura. Nikachovya brashi, mkono ukakataa. Nikachovya tena. Baba akaweka kopo chini, akanichukulia brashi, akachora mwenyewe. Mstari mmoja, kisha mwingine. Hakuna aliyemfundisha, X yake imekaa upande, mguu mmoja mrefu. Akabaki amesimama ameligusa gome kwa kiganja mpaka rangi ikamshika vidole.

"Njia hiyo," akasema, "itakuwa na upana wangu?"

"Na wa mtu mwingine anayekuja mbele, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akaokota korosho tatu zilizoanguka chini ya mti wa Ashura, akazitia mfukoni na siyo kwenye gunia, akainamia baiskeli na kuelekea mjini. Lori likaja nyuma yake likapiga honi. Alisogea kushoto kadiri palivyoruhusu, mpaka bega likagusa mikorosho, likapita.

Nikatoa fomu kwenye mkoba. Leo haikuwa siku ya hesabu. Kwenye ile safu ya tatu, niliyoichora kwa rula, nikaandika kijiti kimoja.